Majaribio Yaliyolazwa

Kuna kazi ambazo ukimweleza mtu ataitikia kwa adabu, atatikisa kichwa mpaka umalize, halafu atakuuliza: sawa, lakini hasa unafanya nini? Kazi ya huyu bwana ilikuwa ya namna hiyo. Mchana alitunza kompyuta za ofisi moja ya bima, na hiyo watu waliielewa, maana nani hajawahi kuona kompyuta ikigoma. Lakini kazi iliyomkaa moyoni ilikuwa ile ya kujitolea. Alikuwa mfungashaji. Kuna mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa aina iitwayo Linux, unaotengenezwa na watu waliotawanyika kila pembe ya dunia, wengi wao hawajaonana uso kwa uso hata siku moja. Kila programu inayoingia humo lazima kwanza mtu aichukue kwa aliyeiandika, aikague, aitie viraka panapovuja, aifunge vizuri kwenye kifurushi na kuiweka kwenye ghala la mfumo, ili mtumiaji huko aliko abonyeze mara moja tu nayo ifanye kazi. Ukifungasha vizuri hakuna anayejua kama upo. Ukifungasha vibaya ndipo watu wanapoanza kukutafuta.

Katika ukoo mzima, dada yake mkubwa peke yake ndiye aliyeielewa kazi hiyo, au tuseme aliipenda bila kuielewa, na kwa ndugu wa tumbo moja hayo hayapishani sana. Mume wa dada, seremala, mtu wa mzaha asiyeweza kukaa mezani bila kumchokoza mtu, alimbandika jina la Mzee wa Vifurushi. Kila mfungashaji akifika pale nyumbani kwao aliulizwa leo kafungasha nini, sukari au sabuni, na duka linafungwa saa ngapi. Dada alimkaripia mumewe amwachie mdogo wake. Mdogo mwenyewe alikuwa ameshaanza kuota kipara.

Dada alifundisha chuoni na alikuwa mtafiti wa maji ya chini ya ardhi. Kwa miaka mingi alifuatilia visima: maji yako kina gani wakati wa mvua, yanashuka mpaka wapi wakati wa ukame, na kisima kitavumilia mpaka lini kabla hakijakauka. Utafiti huo ndio ungempa uprofesa. Zaidi ya hapo, ndio ambao watu wa idara ya maji wangeusoma kabla ya kuamua wachimbe wapi na wapi waache. Tatizo lilikuwa hesabu. Aliziandika kwa lugha nyepesi ya programu, na zilitembea kwa mwendo wa kinyonga. Akiziwasha asubuhi, jua linazama bado kompyuta inanguruma.

Akasikia kwa wenzake kwamba kuna kiunganishi fulani kinachoweza kumwokoa. Ni programu ndogo tu. Inachukua hesabu kama zile zake, inazipeleka kwa kompaila, yaani ile programu kubwa inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine, na zikirudi huko zinakimbia ajabu. Lakini fundi wa kompyuta wa pale chuoni alikuwa mkali kama pilipili. Hakuruhusu kitu kuingia kwenye mashine zake ambacho hakikutoka kwenye ghala rasmi la mfumo, na kiunganishi kile ghalani hakikuwemo.

"Si wewe ndiye mwenye ghala?" dada akamwuliza.

Hakuwa mwenye ghala, alikuwa mmoja kati ya mamia. Lakini ukiulizwa hivyo na dada yako mkubwa, aliyekubeba mgongoni ukiwa mdogo na bado anakutazama kama vile umefanya jambo kubwa kwa kujua tu kuvaa viatu, unasema nini? Alisema ndiyo, atakileta.

Siku za mwanzo alifurahi nacho. Kisha likaonekana tatizo. Kiunganishi kile kilikuwa kimeandikwa kushikana na toleo moja tu la kompaila, la zamani, na mfumo ulikuwa umeshalitupa hilo na kuweka jipya. Viunganishi vya kompaila ndivyo vilivyo, vina gubu. Kibadilishie mwenzake kidogo tu, kinakununia. Basi akaanza kukitia viraka. Palipotajwa toleo la zamani akataja jipya, amri zilizokwisha kufutwa akazitafutia zilizochukua nafasi yake, na baada ya kuhangaika nacho mpaka macho yakamwiva, kikakubali kujengeka.

Yakabaki majaribio. Programu yoyote iliyoandikwa na mtu makini huja na majaribio yake, yaani maswali madogo madogo ambayo mwandishi anayajua majibu. Ukishaijenga unaiuliza maswali hayo, na ikijibu sawa unajua iko salama. Kiunganishi kilijibu karibu yote sawasawa. Machache yakagoma, na yote yalikuwa ya aina moja: kujumlisha orodha ndefu za namba zenye desimali.

Alipaswa kukaa chini ayachimbe. Alilijua hilo, wala tusimtafutie udhuru. Lakini mfumo ule hutoa toleo jipya kwa nadra, na kabla ya kulitoa hufunga mlango. Kifurushi kisichowahi hubaki nje mpaka duru ijayo, na duru ijayo ni mbali. Mlango ulikuwa karibu kufungwa. Na dada alikuwa ameshatangaza. Alishamwambia mkuu wa idara, alishamwambia yule fundi mkali, aliwaambia hata wanafunzi wake darasani, kwamba kitu hicho kinakuja na anayekileta ni mdogo wake. Kurudi kwake na kusema nimeshindwa, subirini, hilo hakuliweza. Akaandika mstari mmoja wa kuiambia mashine iyaruke yale majaribio machache. Wafungashaji wenyewe huita hivyo kuyalaza.

Kuyalaza peke yake si kosa. Hufanywa kila siku, kwa sababu zinazoeleweka. Mashine za kujengea vifurushi, kwa kanuni, hazina intaneti, kwa hiyo jaribio linalohitaji intaneti haliwezi kufaulu mle, na linalazwa bila mtu kukunja uso. Ndiyo sababu isiyoulizwa swali la pili. Sasa, yeye hakuwa bado na ruhusa ya kuingiza kitu ghalani kwa mkono wake. Vifurushi vyake vilikaguliwa na mama mmoja aliyeishi mbali, aliyemlea katika kazi hiyo tangu hajui kitu, na ambaye wote walimwita Bi Funguo kwa sababu saini yake ndiyo iliyofungua mlango. Bi Funguo akamwandikia ujumbe mfupi kuuliza yale majaribio yamelazwa kwa nini. Akamjibu kwamba yanahitaji intaneti.

Kujumlisha namba hakujawahi kuhitaji intaneti tangu dunia iumbwe. Bi Funguo, laiti angeyafungua hata moja, angeona. Hakuyafungua. Alishukuru, akatia saini, na kifurushi kikaingia ghalani siku chache kabla mlango haujafungwa.

Ikawa sifa tupu. Wafungashaji wenzake walimwandikia hongera kwa kufuga mnyama yule mkaidi. Chuoni, fundi mkali alikiweka bila neno, na hesabu zilizokuwa zikila kutwa nzima zikaisha kabla chai haijapoa. Dada alimpigia simu akicheka mwenyewe. Jioni ile pale nyumbani, hata shemeji aliacha mzaha, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amefanya jambo la maana. Mfungashaji alitazama sahani yake. Alijiambia atayarudia yale majaribio akipata nafasi, na nafasi, kama tunavyojua, haina tabia ya kujileta yenyewe. Baada ya muda akayasahau kweli.

Simu nyingine ilikuja asubuhi moja akiwa chini ya meza ya mhasibu, anachomeka waya. Ilikuwa dada, na safari hii hakuwa anacheka. Utafiti wake ulikuwa umepelekwa kwa msomaji wa nje, mtaalamu wa chuo kingine, kama ilivyo desturi. Msomaji huyo alichukua vipimo vyake vyote akavipitisha kwenye kompyuta yake mwenyewe, ya zamani, yenye kompaila ya zamani, akapata majibu mengine. Ya dada yalikuwa ya kufurahisha zaidi. Visima vilivyokaribia kukauka, kwake vilionekana vina maisha marefu mbele yao. Msomaji aliliandika jambo hilo kwa lugha ya kiungwana sana, na watu wa vyuo wakikuandikia kiungwana hivyo ujue umekwisha. Alikuwa anasema dada amepika takwimu.

"Mimi," dada alisema. "Mimi nipike namba za maji ya kunywa ya watu."

Mfungashaji, pale chini ya meza, alijua. Hakukisia, alijua. Orodha ndefu, namba zenye desimali. Mkono ukabaki umeshika waya bila kuuchomeka. Hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya kusema, na maneno yenyewe hayakuwa mengi. Akafungua mdomo.

"Dada, hebu angalia vipimo," akasema. "Hasa vya mwisho. Kipimo kikiwa kibovu kinaweza kuyumbisha hesabu, kompyuta hii ikajibu hivi na ile ikajibu vile."

Upuuzi mtupu, lakini ulivaa tai. Mtu wa kompyuta amesema, nani atabisha?

"Vya mwisho alipima shemeji yako," dada akasema.

Ni kweli. Wakati wa ukame uliopita dada aliteguka kifundo cha mguu, akawa hawezi kuinama kwenye mdomo wa kisima. Mumewe alifunga karakana, wakaenda wote kisima kwa kisima. Yeye alishusha tepu mpaka iguse maji, akasoma, akaita namba. Dada akiwa ndani ya gari na mguu umefungwa bandeji akaandika. Walirudi wamechoka na wamefurahi, na shemeji alitamba mwezi mzima kwamba sasa naye ni mtafiti.

"Basi labda ni hapo," mfungashaji akasema.

Nyumbani jioni hiyo aliyaamsha majaribio yale na kuyatazama usoni. Haikumchukua muda. Kompaila mpya, ili iende mbio, hubeba namba nne nne kwa mpigo, kama mtu anayehesabu sahani nne nne. Na viraka vyake vilikuwa vimeifanya isahau zile zinazobaki mwishoni, moja, mbili au tatu ambazo hazikutimia nne. Inaziacha mezani na kutangaza jumla kwa kujiamini kabisa. Na mwishoni mwa orodha za dada walikaa nani? Ule ukame wa mwisho, maji yakiwa chini kuliko wakati wowote. Programu ilikuwa imefuta zile siku mbaya, bila kelele, na ilifanya hivyo kwenye kila kisima ambacho idadi ya namba zake haikugawanyika kwa nne. Majaribio yalikuwa yamepiga kelele kuhusu jambo hilo hilo. Aliyoyalaza ndiyo haya.

Aibu ina namna yake ya kumshughulisha mtu. Badala ya kunyanyua simu, alikaa anapanga. Alifikiri kurekebisha kifurushi kimyakimya, akiandikie maelezo ya juujuu, dada apige hesabu upya. Lakini dada akirudi mbele ya jopo la chuo linaloupima utafiti wake na namba mpya bila sababu, si ndiyo atakuwa amejitia kitanzi mwenyewe? Alifikiri kusema ni kosa la kompaila, ambayo haina mama wa kuilia. Alifikiri kuugua. Siku zikapita hivyo, akienda kazini na kurudi.

Mwisho wa juma alienda nyumbani kwa dada kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Nyumba ilikuwa imepoa. Dada alimkaribisha, akamwekea chakula, akarudi kwenye karatasi zake. Mumewe hakuwepo mezani, na hakuna aliyeuliza duka linafungwa saa ngapi. Dada alieleza kwa kifupi, bila kumtazama, kwamba alimwuliza mumewe kama ana hakika na zile namba, akasema anayo. Akamwuliza tena, na mara ya tatu, na mara hiyo alimwuliza kama anavyowauliza wanafunzi wanaodanganya. Tangu hapo wanasalimiana tu. Juma lijalo angerudi visimani kupima upya, peke yake, japo ukame wenyewe ulishapita, aone angalau kama tepu ile inasoma sawa.

Mfungashaji alimkuta shemeji karakanani nyuma ya nyumba, amesimama katikati ya mbao bila kufanya kitu. Walikaa kwenye benchi. Shemeji alisugua viganja vyake muda mrefu.

"Hivi shemeji," akasema, "mtu anaweza kusoma namba kwenye tepu kwa macho yake, akaitaja nyingine kwa mdomo wake, na asijue?"

Hapa tena angeweza kusema. Mtu yupo pembeni yake, bega kwa bega, anamwuliza jambo ambalo yeye peke yake duniani ndiye mwenye jibu lake. Mfungashaji aliangalia vumbi la mbao miguuni.

"Inatokea," akasema.

Shemeji akaitikia kwa kichwa, kama mgonjwa aliyeambiwa na daktari alichokuwa akikihofia. Alimshukuru, hebu fikiria, alimshukuru kwa kumwambia ukweli.

Juma lililofuata dada alipiga simu na ombi. Jopo limemwita. Angepewa nafasi ya kujieleza, na alitaka mdogo wake awepo, awaeleze kwamba programu ni nzima, ili wabaki na suala la vipimo peke yake, ambalo yeye yuko tayari kulibeba. Alisema kipimo kibaya ni aibu lakini si uongo, mtu husamehewa. Yeye watamsikiliza kama mshtakiwa, lakini mdogo wake watamsikiliza kama fundi. Sauti yake ilikuwa imechoka, na ndani ya uchovu huo bado aliweza kumwomba radhi kwa kumsumbua kazini. Akakubali.

Alijaribu kujiandaa. Alisimama mbele ya kioo cha bafuni akaanza: programu hii nimeifungasha mimi, na ninathibitisha kwamba. Hakuvuka hapo. Alirudia mara kadhaa, na kila akifika kwenye "kwamba" alimwona shemeji akiitikia kwa kichwa. Mwishowe, siku moja kabla ya jopo, alikaa akamwandikia Bi Funguo. Hakupamba. Alimweleza kwamba yale majaribio hayakuhitaji intaneti, kwamba alijua hivyo siku ile ile, na kwamba kifurushi kinaharibu hesabu za watu.

Jibu lilikuja upesi. Bi Funguo hakumtukana, na mtu aliyezoea ukali wake angependelea atukanwe. Aliandika: "Sikuyafungua kwa sababu ulikuwa wewe. Angekuwa mwingine ningeyafungua." Kisha akafanya kazi. Siku hiyo hiyo alikitoa kifurushi ghalani na kuwatangazia watumiaji wote kwamba kina kasoro, wazipitie upya hesabu zao. Katika tangazo hilo aliandika kwamba yeye ndiye aliyetia saini bila kukagua ipasavyo. Jina la mfungashaji hakulitaja. Mfungashaji alilisoma tangazo lile mara nyingi kuliko alivyowahi kusoma sifa zake, na alitamani angalau lingemtaja.

Chumba cha jopo kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na mapazia yaliyofifia. Waliketi wachache: mwenyekiti mwanamke mwenye sauti ya taratibu, yule msomaji wa nje ambaye ni mzee mnyoofu aliyekaa kama hataki kuwepo, na wengine wawili wa kusikiliza. Dada alivaa suti yake ya mahafali. Kabla ya kumpisha, alimtambulisha, na alimtambulisha kwa urefu, jamani, kwa fahari ile ile ya zamani, akieleza jinsi anavyofanya kazi hiyo kwa kujitolea, jinsi watu wasiomjua wanavyomtegemea, na kwamba kama kuna mtu asiyefanya kitu nusunusu basi ni huyu. Mfungashaji alisimama.

"Programu ni mbovu," akasema. "Vipimo havina kasoro. Dada hakupika kitu."

Akawaeleza habari ya sahani nne nne. Alieleza vizuri, kwa sababu kwa siku zote zile hakuwaza kitu kingine. Msomaji wa nje alivua miwani, akaomba arudie pale pa mwisho, akaandika, akachukua moja ya orodha za visima na kuhesabu kwa kalamu mpaka mstari wa chini. Kisha akaitikia. Tofauti ilikuwa inalingana sawasawa na zile zilizoachwa, namba kwa namba.

Mwenyekiti akauliza, kwa sauti yake ya taratibu, kama programu za namna hiyo hazina njia ya kujikagua. Hazina majaribio?

"Zinayo," mfungashaji akasema. "Yalilikamata kosa. Mimi niliyazima."

Mwenyekiti alimtazama kidogo, kisha akamgeukia dada na kumwambia kwamba jopo linamwomba radhi, kwamba apige hesabu upya kwa programu iliyo nzima na alete majibu, na kwamba suala la uaminifu wake halitaandikwa popote. Msomaji wa nje aliinuka akampa mkono. Dada aliupokea, akasema asante, akakusanya karatasi zake moja moja. Jina lake lilikuwa safi. Mfungashaji alishusha pumzi, na kwa muda mfupi, mjinga yule, alidhani limekwisha.

Walipofika kwenye korido dada alisimama karibu na dirisha.

"Ulijua lini?"

Angeweza kusema juzi. Angeweza kusema jana.

"Uliponipigia," akasema. "Ile mara ya kwanza."

Dada alifikiri. Ungeweza kumwona anavyorudi nyuma, siku kwa siku, mpaka kwenye simu ile.

"Kabla hujaniambia habari ya vipimo?"

"Kabla."

Hakumfokea. Alifungua mkoba, akaufunga, akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta kama vile mguu umeteguka tena. Mfungashaji alimfuata nyuma kwa umbali wa adabu. Aliyoyasema mle ndani mbele ya wageni yalikuwa mazito, lakini hili alilolisema koridoni ndilo lililomvua nguo, maana kifurushi kibovu ni kazi mbaya, watu hukosea na kuogopa. Kumtuma dada yako akamtilie shaka mumewe, kwa kusudi, ili wewe upumue, hilo halikuwa na jina la kitaalamu la kujifichia.

Kwenye gari dada alizungumza mara moja tu. "Utamwambia wewe," alisema. "Kwa mdomo wako. Mimi nina yangu ya kumwambia baadaye."

Shemeji alikuwa karakanani. Mlango alioagizwa na jirani, wa mbao nzito, ulikuwa umelala juu ya benchi, haujakatwa. Dada alibaki kizingitini. Mfungashaji aliingia, akasimama upande wa pili wa benchi, akasema yote kwa mfululizo bila kupumzika, akianzia kwenye majaribio na kumalizia kwenye lile neno alilomjibu pale pale kwenye benchi. Alisema kwamba alijua, wakati anamjibu. Alisema samahani, na neno lenyewe lilitoka dogo mno.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Penseli ilikuwa sikioni. Hakumtazama yeye, alimtazama mkewe pale mlangoni.

"Kwa hiyo nilipima sawa," akasema.

"Ulipima sawa, mume wangu," dada akasema. "Vyote."

Walisubiri, wote wawili, yaje matusi, au yaje mizaha yake, chochote. Shemeji alipitisha kiganja juu ya ule mlango.

"Huu ulitakiwa uwe umeshafungwa kwa mwenyewe zamani," akasema, kama anayeeleza hali ya hewa. "Nimeupima mpaka nimeogopa kuukata. Nikipima, napata namba. Halafu nasema, je kama siyo?"

Dada aliziba mdomo kwa mkono. Mfungashaji alitamani aambiwe atoke. Hakuna aliyemwambia, na kutoka bila kuambiwa kungekuwa kutoroka kwingine.

"Kata sasa," dada akasema, na sauti yake haikutosha. "Ulikuwa sawa. Kata."

Shemeji aliitikia. Alichukua msumeno, akainama, akauweka juu ya mstari wa penseli, akauvuta nyuma kidogo kama wanavyofanya kabla ya kuanza. Mkono ukasimama hapo. Alikaa ameinama hivyo, wao wakimwangalia. Kisha akauweka msumeno pembeni, taratibu, akatoa tepu mfukoni, na akaanza kuupima upya.